Mashine ya Yoramu na Sauti ya Restuta

Yoramu alikaa nje kidogo ya Kongwa, upande wa yale mashamba ambayo Wazungu walijaribu kulima karanga zikawashinda. Mimi nilikuwa napita huko na punda wangu nikiuza chumvi, kamba na kengele za ng'ombe, na kila nilipofika nililala kwake. Yeye Mgogo, mimi Mhehe, basi tulikuwa watani, na mtani habishi hodi sana.

Macho yake yaliondoka polepole. Ulikuwa ugonjwa wa vikope, ule unaogeuza kope ziingie ndani zikwaruze jicho. Huko kwao wengi wamepitia. Tangu Yoramu akiwa kijana, dada yake mkubwa, Restuta, alikuwa anamlaza kichwa magotini jua likiwa bado lina nguvu, anazing'oa kope moja moja kwa kibano alichokitundika shingoni kwa uzi. Kung'olewa kope kunauma, na anayeumia hatulii. Ili atulie, Restuta alimwimbia. Naye Yoramu, ili asilie mbele ya dada, akawa anaimba pia. Macho mwishowe yalikwisha, lakini kuimba hakukuisha.

Alipojifunza zeze mambo yakakaa hivi: Yoramu anatoa habari, Restuta anaitikia. Habari za mvua, za ng'ombe aliyepotea, za bwana harusi aliyekimbia mahari. Restuta kazi yake ilikuwa kusema "sema nakusikia" kwa Kigogo, kwa sauti ya juu iliyokuwa na mkwaruzo kidogo, kama mlango wa nyumba unayoijua. Ukimsikia Yoramu peke yake ungesema anaimba vizuri, ila kama mtu anayeongea na mwenzake aliyetoka nje.

Sasa Restuta alikuwa mjane. Jina lenyewe hilo alilipata alipoolewa kwa Wakatoliki. Nyumbani kwao walikuwa Waanglikana. Mtoto wake Gerson, fundi wa reli huko Mbeya, akaja likizo akasema mama ahamie kwake, uwele ukishavunwa. Hakuna aliyepinga. Mtoto anayemtaka mama yake utampinga kwa lipi?

"Nenda, dada," Yoramu alisema. "Mbeya kuna ndizi. Utanenepa mpaka mlango wa treni ukukatae."

"Na wewe utaitikiwa na nani?"

"Na mbuzi. Mbuzi wana sauti kuliko wewe."

Walicheka. Lakini tulipobaki wawili akaniambia, "Mtani, dada akienda mimi nimebaki na nusu ya wimbo. Nataka sauti yake ibaki humu ndani, na nataka niishike mwenyewe. Tuna muda mpaka uwele ukatwe."

Nikamwambia mbona ni jambo dogo, pale Majengo mjini Dodoma kuna Ambokile mwenye kibanda cha kunakili kanda, anarekodi watu.

"Alishanirekodi," Yoramu akasema. "Mtu mwema, soda alininunulia. Lakini mkono wa kwenye mashine ni wake. Mimi nafika mahali wimbo unaanza kuwa mtamu, yeye anasema mzee kanda itakwisha, taa nyekundu inawaka. Ile taa mimi naijua? Nilitoka na wimbo usio na miguu. Safari hii nikianza nimeanza mimi, na nikizima nimezima mimi."

Basi akapeleka mbuzi mnadani, na siku iliyofuata tukapanda lori la mahindi kwenda Dodoma.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Wanaokumbuka wanakumbuka. Kabla yake redio ilikuwa kitu cha mwalimu mkuu na padri, na sabuni yenyewe ulipanga foleni. Mara maduka yakajaa. Redio kaseti zimepangwa mpaka barabarani, kila moja inapiga wimbo wake, muuzaji wa huku anashindana na wa kule. Yoramu alisimama katikati ya makelele hayo akitabasamu kama mtu aliyefika harusini akakuta bado wanapakua.

Tukaingia kwa Abbasi. Alikuwa kijana wa mjini, mchangamfu, shati ndani ya suruali. Akatuamkia shikamoo vizuri, akatuletea stuli, kisha akashusha mashine kubwa kama jeneza la mtoto.

"Hii ndiyo ya sasa, wazee wangu. Deki mbili, spika nne, na muziki ukipigwa taa zake zinacheza."

"Zinacheza na nani?" Yoramu akauliza.

Abbasi akamtazama usoni, akaona. Akasema, "Samahani, baba."

"Hujakosa kitu. Taa mwambie mtani wangu huyu, Wahehe wanapenda vitu vinavyong'aa. Mimi niwekee magotini, izime kwanza."

Akaipapasa. Nasema kuipapasa, lakini ilikuwa zaidi ya hapo; aliipima kama mnunuzi wa ng'ombe, pembe, mgongo, kwato. Vidole vikafika kwenye vitufe. Vilikuwa vidogo, laini, vimejipanga sawasawa kama mbegu za mtama kwenye suke.

"Nikibonyeza hiki kinarudi juu," akasema. "Je, imeanza au haijaanza?"

"Inaonyesha kwenye kioo, baba."

"Basi kioo kiongee. Hii inaficha siri zake, mwanangu. Ilete nyingine."

Abbasi akaleta nyingine, na nyingine. Moja vitufe vilikuwa vizuri lakini cha kurekodi na cha kusogeza mbele vilifanana, vinakaa jirani. Yoramu akasema hao wawili watamgombanisha na wimbo wake. Nyingine ilikuwa ndogo, nzuri mkononi, ila gurudumu la sauti lilizunguka bila kuishia popote. "Hii haina mwanzo," akasema, "nitajuaje niko wapi?" Watu wakaanza kujaa mlangoni. Mmoja akasema yule mzee ananunua redio au anaoa. Yoramu bila kugeuka akamjibu, "Mke nilimchagua kwa muda mfupi kuliko huu, na alikuwa na vitufe vingi zaidi."

Abbasi alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akainama chini ya kaunta akatoa redio yake mwenyewe, ile aliyokuwa anasikilizia taarifa ya habari. Ilikuwa ya zamani, pembe imepasuka, imefungwa kwa mpira.

"Hii siiuzi, imepitwa na wakati," akasema. "Ila jaribu, baba, unieleze unachotafuta."

Vitufe vyake vilikuwa vipana kama magego. Yoramu alibonyeza kimoja, kikazama na kukaa huko chini kwa sauti, *tak*. Akabonyeza cha kuzima, kile cha kwanza kikaruka juu. Ili kurekodi ilibidi ubonyeze viwili kwa pamoja, cha kupiga na cha pembeni yake, vyote viwili vikakaa chini. Akaweka ncha ya kidole kwenye kifuniko cha kanda, akatega.

"Nahisi inazunguka," akasema taratibu. "Mtani, weka kidole chako. Nikiwa narekodi, vitufe viwili vimelala na hapa panatembea. Nikiwa napiga, kimelala kimoja. Nikiwa nimezima, vyote vimeamka. Hii haifichi kitu."

Akarekodi maneno machache, akarudisha, akasikiliza. Ndani ya sauti yake kulikuwa na kitu kingine, mngurumo kama wa nyuki walio mbali. Abbasi akasema huo ni mtambo wenyewe unajisikia, kwa sababu maiki imo mlemle tumboni. Akatoa maiki ya waya, yenye swichi ya kusukuma kwa kidole gumba, akaichomeka ubavuni. Wakajaribu tena. Nyuki wakaondoka.

"Sasa niuzie," Yoramu akasema.

"Baba, nimesema siiuzi. Imepasuka."

"Nyumba yangu pia imepasuka, na naishi humo."

Walikubaliana. Abbasi akabaki na mojawapo ya zile zenye taa kwa taarifa zake za habari, na nadhani moyoni alifurahi pia. Kanda tupu nazo Yoramu alizichagua kwa vidole. Alizikataa zilizogundishwa kwa gundi, akachukua zenye skrubu pembeni, maana kanda hutafunwa na mashine, na yenye skrubu utaifungua uirekebishe. Njiani, juu ya magunia, alifunga uzi kwenye kila kasha: fundo moja kanda ya kujaribia, mafundo mawili ya Restuta.

Mkewe, Hana, alipoiona ile mashine alisema, "Mbuzi wazima wamekwenda mjini wamerudi hivi?" Lakini alipomsikia Yoramu akibonyeza, akirudisha, akisogeza mbele, bila kuuliza mtu, alikwenda kupika na kuku akachinjwa.

Sasa njoo kwenye taabu yetu. Mashine tunayo, kanda tunayo, Restuta yupo, na uwele umeanza kukatwa. Tukakaa uani, Yoramu na zeze, Restuta na maiki mkononi ameishika kama kuku anayetaka kuruka. *Tak.* Zeze likaanza. Restuta akavuta pumzi. Na njiani mtu akapita, akasimama langoni:

"Mbukwenyi."

Kwa Wagogo salamu hiyo huiachi chini. Ukiisikia unaitika, na ukiitika umefungua mlango: watoto je, ng'ombe je, mvua imenyesha huko, yule mgonjwa ameamkaje. Restuta alimaliza yote, kwa adabu yake, maiki mdomoni. Mtu akaondoka. Tukaanza tena. Akaja mwingine na jembe. Tukahamia ndani ya tembe, kwenye chumba cha nafaka, kuta nene na dari ya udongo, mahali pazuri sana kwa sauti. Lakini mlango wa tembe unatazama njia, na mtu akikuona umekaa giza mchana anasalimu mara mbili, maana labda hujasikia. Tulipoisikiliza ile kanda ya fundo moja ilikuwa na nusu ya kijiji ndani yake.

"Usiitike," Yoramu akamwambia dada yake.

"Nisiitike?" Restuta akasema. "Nimeishi na hawa watu miaka yote, sasa ninaondoka, halafu niwanyamazie? Watasema nimeshakuwa mtu wa Mbeya."

Alikuwa na haki. Nikaona hofu kwa Yoramu kwa mara ya kwanza. Hakuwa anaogopa mashine. Aliogopa siku zinakwisha na atabaki na kanda ya salamu.

Hapo mimi nikatoa shauri. Nikasema tufunge lango kwa miiba, kama usiku ng'ombe wakishaingia, ili wapitaji wajue hatupo. Wote wakaona ni akili. Tukaburuta miiba, tukafunga, tukaingia ndani, tukajiandaa.

Kabla zeze halijapata joto, tukasikia miguu nje. Mingi. Hakuna salamu, hakuna kicheko, miguu tu. Hana akachungulia akarudi ameshika mdomo. Nje ya lango walikuwa wamekaa chini wanawake wa jirani, khanga mabegani, mmoja na unga kwenye kitunga, mwingine na kuni. Wanaume wamesimama kando, kofia mkononi. Boma limefungwa mchana na ndani watu wapo, maana yake nini? Msiba, au mgonjwa anayekata roho.

Nilipotoka mimi wa kwanza, mzee mmoja akanitazama akatikisa kichwa. "Mtani amefika mapema," akawaambia wenzake. "Amekuja kudai ng'ombe wa matanga kabla mwili haujapoa."

"Nani amekufa?" mwanamke wa kitunga akauliza.

"Hakuna," nikasema.

"Sasa mbona mmefunga?"

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, kwa sababu nilikuwa nacheka, na kueleza kwamba tumefunga lango ili wasitusalimie ni jambo zito kulisema mbele ya watu waliokuja na kuni. Mwanamke yule akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo Restuta anataka kuimba na sisi tunampigia kelele?"

Restuta akatoka akisema siyo kelele, siyo kelele, samahanini sana. Lakini wao walikuwa wameshaangua kicheko. Unga hawakuurudisha nyumbani. Walisema uliotoka kwa msiba haurudi, upikwe. Na hapohapo wakagawana kazi, namna watu wanavyogawana kazi kwenye msiba, bila mtu kutoa amri. Hana na wenzake wakaenda kukaa njiani huku na kule, mbali kidogo na boma. Kila aliyepita walimpokea wao: wakamsalimu, wakaitika, wakauliza habari za nyumbani kwa niaba yetu, wakamwambia apite polepole. Hakuna aliyenyimwa salamu yake. Na boma likawa kimya, kimya ambacho Ugogo hukipati mchana.

Tukarudi chumba cha nafaka. Na hapo Yoramu akasema jambo ambalo hata mimi sikulitegemea.

"Dada, mimi sitaimba."

"Kwa nini sasa?"

"Nikiimba, nitabaki na wimbo uliokwisha. Nitakuwa nausikiliza kama redio. Nataka uitikie wewe tu. Mahali pangu uniachie wazi. Mimi nitajaza ukishaondoka."

Restuta akasema hilo haliwezekani, mtu hawezi kuitikia kitu kisichosemwa. Akajaribu, akacheka. Akajaribu tena, akaitikia mapema. Yoramu akaweka zeze chini, akaweka mkono wake kwenye goti la dada yake, na mkono mwingine juu ya mashine, vidole kwenye yale magego. "Nitaimba kwa kidole," akasema. *Tak.*

Basi nikakaa pale kwenye magunia nikaona. Yoramu midomo imefunga, anamgonga dada yake gotini, habari yote inapita humo, ndefu mahali pa ndefu, fupi mahali pa fupi. Na Restuta anatega, kichwa upande, halafu anaitikia: sema nakusikia. Kimya. Kidole. Sema nakusikia. Mahali fulani katikati kidole kilisimama muda, sijui alikuwa anamwambia nini, na Restuta akashindwa kungoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Endelea basi, nipo." Kisha akaimba. Yoramu hakuzima. Aliendelea mpaka upande wa kwanza ukaisha na vitufe vikaruka vyenyewe juu. Akaigeuza kanda, akaanza upande wa pili.

Walipomaliza alivunja vile vimeno viwili vya plastiki nyuma ya kanda, ili mashine isiweze kuandika kitu kingine juu yake. Alivitafuta kwa kucha, akavivunja, akapitisha kidole kwenye matundu mara kadhaa. Akasema, "Hii imefungwa." Nje tulikula ugali wa unga ule na wote waliokuja, na Restuta aliwasalimu mmoja mmoja kwa kirefu.

Aliondoka na Gerson uwele ukiwa ghalani. Mimi sikuwepo, nilikuwa upande wa Mpwapwa na kengele zangu. Nilirudi mvua za kwanza zikiwa zimepiga, punda ana matope mpaka magotini. Nikakaribia boma nikasikia zeze, na juu yake sauti mbili.

Nikakaa nje kwenye jiwe, sikutaka kumkatiza. Mwanzoni alikuwa anachelewa. Kanda haingoji mtu. Restuta anaitikia wakati yeye bado yuko katikati ya neno, na nikamsikia akicheka, *tak*, anarudisha, anaanza upya. Baadaye akaipata. Alikuwa anampa habari: kwamba mvua imeshika vizuri upande wa kwao, kwamba yule mtamba mwekundu amezaa, kwamba Hana amemnunulia shati la mtumba lenye mikono mirefu mno. Sema nakusikia. Kwamba mtani bado hajarudi, labda fisi wa Mpwapwa wamemla, lakini Mhehe ni mgumu, watamtema.

"Endelea basi," Restuta akasema kutoka kwenye mashine, "nipo."

Yoramu akaendelea. Habari ile nilivyomwona baadaye alikuwa anaibadilisha kila siku, kulingana na yaliyotokea, na mwitikio ukafaa kila siku. Gerson alipokuja tena, Yoramu aliimba na ile kanda ya Restuta mbele ya mashine ya pili, ya kuazima, ili zile sauti mbili zipelekwe Mbeya. Alipomaliza akamwuliza Gerson kama mama yake amenenepa.

"Amenenepa, mjomba."

"Vizuri," Yoramu akasema, akapapasa kitufe, akaanza kuirudisha kanda nyuma, aanze wimbo wa ng'ombe aliyepotea.